Mtoto Amemaliza Masomo, Kazi ya Familia Haijaisha

(Mazungumzo haya yalisomwa na kikundi cha wazazi mbele ya wanakisomo na wananchi wa kijiji chetu.)



Sisi tuliosimama mbele yenu ni wazazi sita. Wote tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, katika darasa la jioni. Wote tuna watoto waliomaliza masomo miaka ya karibuni. Maneno haya tumeyaandika pamoja. Mmoja alisema, mwingine aliandika, wa tatu alisahihisha. Mkiona kosa la herufi, lisahihisheni. Mkiona kosa la mawazo, tuulizeni.

Jambo letu ni moja tu. Mtoto akimaliza masomo, bado hajafika. Yuko njiani, kati ya shule na kazi. Njia hiyo ni ndefu kuliko tulivyofikiri. Katika njia hiyo familia inaweza kumsaidia. Familia hiyo hiyo inaweza kumwangusha. Sisi tumefanya yote mawili, na ndiyo sababu tumeona tuseme.

TULIVYOFIKIRI

Tuanze na mawazo yetu ya zamani.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya baada ya Uhuru. Waliosoma walikuwa wachache. Mtu akimaliza chuo, serikali ilimpangia kazi. Alipewa barua na nauli, akaenda kuripoti. Kwa hiyo tulijenga mawazo kwamba cheti ni kazi. Ukiwa na cheti, umeshapata mshahara.

Hata wakati ule viongozi wetu walituonya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule isimtenge mtoto na kazi za wazazi wake. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kwa azimio hilo, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipita kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi. Alipoomba kwenda chuo kikuu, waliofanya naye kazi waliulizwa habari zake. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Lakini somo lake lilikuwa wazi: kusoma ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine, na kazi nayo hujifunzwa.

Sisi hatukulishika somo hilo. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi wake. Wakati huo huo wanaosoma waliendelea kuongezeka. Tangu mwaka 2016 watoto wanasoma bila ada mpaka kidato cha nne. Tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita hakuna ada. Hili ni jambo jema sana. Lakini hesabu yake ni rahisi. Wanaotoka shuleni ni wengi, na viti vya ofisini ni vichache. Kijana mmoja anapata haraka. Mwingine anangoja miaka.

Sasa, katika miaka hiyo ya kungoja anakaa wapi? Anakula nini? Anafanya nini? Anakaa kwetu. Kwa hiyo jambo hili ni la familia, tupende tusipende.

NG'OMBE WATATU

Hebu tuwaambie habari ya mmoja wetu. Ametukubalia tuiseme, naye yuko hapa hapa mbele yenu.

Mtoto wake wa kiume alimaliza chuo, akapata stashahada ya kilimo. Alirudi nyumbani na begi moja na cheti ndani ya bahasha. Siku ile tulichinja kuku. Majirani walikuja. Wengine walicheka, wakasema, "Yaani umesoma kulima? Mbona sisi tunalima bila kusoma?" Kijana alicheka nao.

Akaanza kuomba kazi. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa sita, kimya. Aliitwa kwenye usaili mara moja, akakuta watu wamejaa uwanja mzima, na wanaotakiwa ni wachache. Hakupata.

Mwezi wa nane alikuja mtu mmoja. Alikuwa amevaa vizuri na anasema kwa upole. Alisema anafahamiana na wakubwa. Alisema nafasi ipo, ila lazima "kulainisha njia". Baba hakumwuliza mtoto. Hakumwuliza mama. Aliuza ng'ombe watatu mnadani, akampa mtu yule fedha mkononi. Hakuna risiti. Hakuna shahidi. Kulikuwa na namba ya simu tu. Baada ya wiki mbili simu haikupatikana tena. Mpaka leo.

Ndugu zetu, hapa tuna mambo matatu ya kukumbuka. Yaandikeni kwenye madaftari.

La kwanza. Kazi za serikali hazinunuliwi. Zinatangazwa, na Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu fedha kwa kuomba kazi. Mtu akikuambia toa fedha upate kazi, huyo ni mwizi au ni mla rushwa.

La pili. Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa inamkamata anayepokea, na inamkamata pia anayetoa. Kwa hiyo baba aliyeuza ng'ombe wake alipoteza mali, na zaidi ya hapo alijitia hatarini. Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU, namba 113. Kupiga namba hiyo ni bure.

La tatu. Ng'ombe watatu ni mtaji. Kama ng'ombe wale wangemnunulia kijana pampu ya maji na mbegu, leo tungekuwa tunasema habari nyingine.

NENO BAYA

Lakini ng'ombe hawakuwa hasara kubwa. Hasara kubwa ilikuja baadaye.

Baada ya fedha kupotea, nyumba iliharibika. Baba aliona aibu. Mtu mwenye aibu hutafuta wa kumlaumu, naye alimlaumu mtoto. Kila jioni, sahani ya ugali ikiwekwa, lilitoka neno. "Wenzako wanafanya kazi." "Umesoma bure." "Ng'ombe zangu zimekwisha kwa ajili yako." Kijana hakuwa ameomba ng'ombe wauzwe. Lakini alinyamaza, kwa sababu mtoto hamjibu baba.

Sisi majirani tulisikia. Wengine tuliongeza chumvi. Tulimwita "Bwana Shamba" kwa dhihaka. Alipopita sokoni tulimwuliza, "Bado tu?" Tuliona ni mzaha. Kila mmoja wetu aliuliza mara moja. Lakini yeye aliulizwa na watu hamsini.

Usiku mmoja aliondoka. Hakuaga. Mama yake aliamka alfajiri akakuta mlango umerudishwa na kitanda kimetandikwa. Cheti chake kilikuwa bado juu ya kabati, ndani ya bahasha yake. Alikuwa amekiacha.

Mama alikaa miezi minne bila kujua mtoto yuko wapi. Alikuwa akisikia pikipiki usiku, anatoka nje. Tunawaambia kweli, mama huyu alikonda mpaka tukaogopa. Mwezi wa tano kijana alipiga simu kwa mjomba wake. Alikuwa mjini, anabeba mizigo stendi, na alikuwa anaumwa malaria. Mjomba alipanda basi siku ile ile, akamleta.

Ndugu wananchi, tulijiuliza wenyewe. Nani alimfukuza kijana huyu? Njaa haikumfukuza, kwa maana chakula kilikuwepo. Tulimfukuza sisi, kwa maneno.

KIKAO CHA FAMILIA

Mjomba yule ni mtu wa busara. Kijana alipopona, mjomba aliitisha kikao. Alikaa baba, mama, shangazi, yeye mjomba, na kijana mwenyewe. Dada zake wawili pia waliitwa. Mjomba alisema, "Leo hatutafuti mwenye makosa. Leo tunatafuta njia."

Kisha akamwambia kijana aseme kwanza. Hili lilitushangaza, kwa desturi zetu kijana husema mwisho. Kijana alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza swali moja. "Naomba mniambie, hapa nyumbani mimi ni nani? Ni mtoto, ni mgeni, au ni mtu mzima?"

Hakuna aliyejibu haraka. Ni swali gumu. Tulikuwa tunamlisha kama mtoto. Tulikuwa tunamhesabia siku kama mgeni. Na tulikuwa tunamdai kama mtu mzima. Yote matatu kwa wakati mmoja! Nani angeweza kuishi hivyo?

Baba alikohoa, akasema, "Wewe ni mtu mzima. Na mimi nilikosea." Alisema maneno hayo mbele ya shemeji yake na mbele ya binti zake. Mnajua wenyewe baba kusema hivyo si jambo dogo.

Basi wakakubaliana, na dada mmoja akaandika kwenye daftari. Waliandika hivi:

Kijana atakaa nyumbani kwa muda wa miaka miwili bila kuulizwa habari ya mshahara.

Atapewa robo eka karibu na bwawa, alime anavyojua yeye. Baba hatamwingilia.

Mjomba atamkopesha fedha ya mbegu na dawa. Atamrudishia baada ya mavuno, bila riba.

Kijana ataendelea kuomba kazi. Fedha ya nauli ya usaili itatoka kwa shangazi, si zaidi ya mara nne kwa mwaka.

Kila mwezi kijana ataeleza familia amefanya nini na amepata nini.

Mambo matano tu. Lakini yaliandikwa. Sisi tuliosoma kisomo tunajua nguvu ya jambo lililoandikwa. Neno la mdomo huliwa na upepo. Daftari likifunguliwa, ugomvi unakwisha.

Je, ilikuwaje? Msimu wa kwanza alilima nyanya. Kantangaze akaingia, akala nusu ya shamba. Zamani baba angesema, "Si nilikuambia?" Safari hii alinyamaza, kwa sababu ya daftari. Msimu wa pili kijana alibadilisha zao, akapanda vitunguu. Nyanya alizirudisha baadaye, mahali pengine. Alitufundisha kwamba nyanya, bilinganya na viazi mviringo ni ndugu, na magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Usizifuatanishe mahali pamoja. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo miaka yote, halafu tunasema tumerogwa.

Deni la mjomba alilipa kwa misimu miwili. Mwaka wa pili mwenye duka la pembejeo kwenye kituo cha biashara alimwita. Alikuwa amesikia kwamba kuna kijana anayejua dawa na vipimo vyake. Sasa anafanya kazi dukani siku nne kwa wiki, kwa malipo, na siku nyingine yuko shambani. Kazi ya serikali hajapata, na bado anaomba. Lakini wale waliomcheka sasa wanamwita "Bwana Shamba" kwa heshima, na wanamwuliza kipimo cha dawa.

MSAADA WA NAMNA NNE

Kutokana na habari hiyo na nyingine, sisi wazazi sita tumeona kuwa msaada wa familia una namna nne. Fedha ni moja tu kati ya hizo.

Namna ya kwanza ni mahali pa kukaa na chakula, kwa muda unaojulikana. Muda usipojulikana, kijana hulala na mzazi hukasirika.

Namna ya pili ni nyenzo. Fundi seremala bila randa na msumeno ni fundi wa mdomo. Kama una fedha kidogo, nunua kifaa kabla hujafanya sherehe. Tumeona familia ikipika wali na kuchinja mbuzi siku ya mahafali, na wiki ya pili kijana hana hata fedha ya nyundo.

Kuna nyenzo nyingine, nayo ni ardhi. Mzazi akimpa mtoto sehemu ya shamba, aseme mbele ya ndugu na waandike. Kijana anaweza pia kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, kama ipo. Na hapa tuseme wazi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata ardhi sawa na mwanamume. Msiseme binti hana haja ya shamba kwa kuwa ataolewa.

Namna ya tatu ni watu. Mzazi asiye na ng'ombe anaweza kuwa na rafiki aliye fundi mzuri. Mpeleke kijana kwa fundi huyo. Mwombee nafasi ya kujifunza kazi kwa mikono. Andikeni atakaa muda gani na atapewa nini, asije akawa mtumwa wa kufagia karakana. Aliyejifunza kwa fundi mtaani asijione duni. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini na kumpa cheti. Tena viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Navyo hufundisha kazi za mikono.

Namna ya nne ni subira yenye hesabu. Subira maana yake usimtukane. Hesabu maana yake naye akueleze anafanya nini. Subira bila hesabu inalea uvivu. Hesabu bila subira inafukuza mtoto usiku.

CHEREHANI NA JAMAA

Sasa tuseme habari ya binti wa mwenzetu mwingine. Hii inahusu sisi jamaa na majirani.

Binti huyu alisoma ushonaji miaka miwili. Mama yake aliweka akiba kidogo kidogo kwenye kikundi cha akina mama, akamnunulia cherehani. Binti aliweka cherehani barazani, akaanza kushona sare za shule. Kazi yake ni safi. Wateja walikuja.

Lakini baada ya miezi mitatu hakuwa na fedha ya kununua uzi. Mama akashangaa. Akasema, "Hebu tufanye hesabu." Wakakaa usiku na taa, wakaandika.

Kila wiki binti alishona sare kumi. Ufundi wa sare moja ni shilingi 5,000. Kwa hiyo angepata shilingi 50,000. Lakini katika sare kumi, nne zilikuwa za jamaa. Shangazi alileta ya mtoto wake. Binamu alileta mbili. Jirani wa karibu alileta moja. Wote walisema, "Tutaonana, mwanangu." Hawakuonana.

Sare nne mara shilingi 5,000 ni shilingi 20,000. Hiyo ni kwa wiki moja. Kwa wiki nne ni shilingi 80,000. Kwa miezi mitatu ni shilingi 240,000. Mama alipoona hesabu ile, alishika kichwa. Alisema, "Mimi nimemnunulia mwanangu cherehani, na ukoo wetu unaila."

Jamani, nani hapa hajafanya hivyo? Sisi tunamsaidia kijana kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili. Tunasema ni undugu. Lakini ndugu wa kweli ndiye anayelipa kwanza, tena analipa bei kamili, ili mtoto wa ndugu yake asimame.

Mama yule alifanya jambo jema. Hakumwacha binti agombane na shangazi zake. Alitangaza mwenyewe katika kikao cha ukoo. Alisema, "Cherehani ni yangu. Binti anafanya kazi kwa amri yangu. Asiyelipa aniulize mimi." Alijitwika lawama yote. Wengine walinuna. Leo wanalipa, na binti ana cherehani ya pili na mwanafunzi mmoja. Huo nao ni msaada wa mzazi: kuwa ukuta, ili maneno ya ukoo yasimfikie mtoto.

MSHAHARA WA KWANZA

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao watoto wao wamepata kazi ya mshahara. Mtafikiri hapo shida imekwisha. Bado kidogo.

Kijana akipata kazi, ukoo mzima hupiga simu. Mmoja anataka bati. Mwingine anataka ada ya chuo ya mtoto wake. Mwingine anaumwa. Mwezi wa kwanza haujaisha, kijana ameshakopa.

Tujue mambo yalivyo. Wengi waliosoma chuo kikuu walisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo ule si zawadi. Mwenye deni akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Tufanye hesabu. Mshahara wa msingi ukiwa shilingi 600,000, asilimia 15 ni shilingi 90,000. Hiyo inaondoka kabla hajaishika. Inafuata kodi ya serikali. Unafuata mfuko wa pensheni. Halafu kuna kodi ya chumba, nauli na chakula. Kinachobaki si kile tunachokifikiria huku kijijini.

Hatusemi mtoto asisaidie wazazi. Kusaidia ni wajibu, na sisi tunaufurahia. Tunasema tumwache kwanza asimame. Mmoja wetu alimwambia binti yake hivi: "Mwaka wa kwanza usitutumie kitu ila ukiombwa na mimi au mama yako. Nunua kitanda. Weka akiba. Mwaka wa pili tutakaa tuseme." Binti alilia kwenye simu. Mwaka wa pili ndiye aliyempeleka mdogo wake chuo cha ufundi, bila kukopa.

NA NINYI VIJANA

Vijana, msidhani tumekuja kuwalaumu wazazi tu. Ninyi nanyi mna sehemu yenu.

Usikae kitandani ukingoja simu ya kazi. Ngoja huku mkono unafanya kitu. Kazi yoyote ya halali haikushushi. Mzazi akikuona umeamka mapema, hasira yake inapungua nusu.

Usimfiche mzazi ukweli. Kama hukupata usaili, sema. Kama mtu amekuomba fedha akupe kazi, sema kabla ng'ombe hawajauzwa.

Jiungeni katika vikundi. Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ni ya vijana, na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili itengenezwe upya, na ikarudishwa mwaka 2024. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwulizeni masharti. Lakini kumbukeni, mkopo ni wa kurudisha. Aliyekula fedha ya kikundi amewafungia mlango wenzake.

TUNAMALIZA

Ndugu zetu, mwenzetu aliyeuza ng'ombe alitaka kusema neno la mwisho mwenyewe. Alisema ataliandika kwa mkono wake, na ameliandika. Tunalisoma kama lilivyo:

"Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita. Mwalimu wangu hakunicheka niliposhindwa kuandika jina langu. Alingoja. Mwezi wa saba niliandika. Mimi nilingojewa miezi saba kwa ajili ya jina tu. Mwanangu nilishindwa kumngojea mwaka mmoja kwa ajili ya maisha yake. Wazazi, ngojeni. Lakini msingoje mikono mitupu. Kaeni naye, andikeni, mpeni jembe lake."

Nasi hatuna la kuongeza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu wako vijana wangapi waliomaliza masomo na wako nyumbani? Wanafanya nini?

2. Kwa nini baba alimlaumu mtoto juu ya ng'ombe waliopotea? Ninyi mngefanyaje?

3. Binti anashona sare 8 kwa wiki kwa shilingi 5,000 kila moja. Jamaa 3 hawalipi. Anapata shilingi ngapi kwa wiki? Anapoteza shilingi ngapi kwa wiki nne?

4. Andikeni mapatano ya familia yenye mambo matano, kama yale ya mjomba. Someni mbele ya wenzenu.